Mable Wakio na Kompyuta Zilizogoma Kasigau

Saa tatu asubuhi, Jumatano, Mable Wakio amepiga magoti mbele ya kompyuta kumi na tatu zilizogoma. Nyingine kumi na moja, upande wa dirishani, zinanguruma bila tatizo. Anabonyeza kitufe. Skrini inawaka, inasita, kisha inaandika yale yale ya tangu jana: hakuna faili la kuanzia.

"Wewe nawe," anaiambia mashine. "Wenzako wamekubali, wewe unaringa nini?"

Chuo hiki kidogo cha ufundi kiko chini ya mlima Kasigau, mwisho wa barabara ya mashimo kutoka Voi. Mable, mwenye umri wa miaka 31, amezaliwa Mghange, mtoto wa wakulima wa kabichi. Kazi yake ni kufufua kompyuta kuukuu. Badala ya kuzishughulikia moja moja, hubeba seva yake, kisanduku cheusi kisichozidi jerikani ya lita tano, na kuiunganisha na mashine zote kwa kebo. Zikiwashwa, zinavuta mfumo mzima kupitia waya.

"Watu wakiniona nacho wanadhani nimebeba betri ya lori," anasema.

Mwezi mzuri hupata kazi nne. Mwezi mbaya hukaa nyumbani Voi akiitazama simu. Lakini safari hii wasiwasi wake si mkate wake tu. Shirika lililotoa kompyuta hizi limesema wazi: zisipowaka zote 24 kufikia Ijumaa saa sita mchana, zitapakiwa na kupelekwa chuo kingine. Wanafunzi 48 wamejiandikisha. Kwa muhula mzima wamejifunza kuchapa kwenye kibodi za kuchorwa, kalamu ya wino juu ya kadibodi.

Msimamizi wa chuo, Immaculate, anachungulia mlangoni kila baada ya nusu saa.

"Niambie ukweli, Mable. Hizo kumi na tatu zimekufa?"

"Hazijakufa, madam. Nipe siku."

"Siku ninazo mbili. Nyingine utaomba kwa Mungu."

Mable hakubali upesi neno hilo, kufa. Miaka miwili iliyopita, katika shule moja ya milimani, alitia saini karatasi kwamba mashine tisa hazifai tena. Zikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Baadaye, akirudia maelezo aliyokuwa ameandika, aligundua kosa halikuwa ndani ya mashine hata moja.

"Nilizizika zikiwa hai," anasema. "Nikikumbuka, chakula hakipiti."

Basi Jumatano nzima anabadilisha kebo, anafungua mashine, anapuliza vumbi, anafunga. Alhamisi asubuhi anaziwasha zote upya, na hapo anasimama ghafla. Tatu zilizogoma jana zimekubali. Nne zilizokubali jana zimegoma.

"Aa! Kumbe si nyinyi," anasema kwa sauti. "Mtu anawadanganya."

Anaacha kutazama mashine, anaanza kusoma tarakimu ndogo kwenye skrini. Zilizokubali zina anwani zinazoanza na 10, zile anazogawa yeye. Zilizogoma zimepewa anwani za 192. Seva yake haigawi hizo. Kisanduku cha intaneti cha chuo nacho alikinyamazisha Jumatatu, ili ugavi wa anwani ubaki mkononi mwa seva peke yake. Huduma hiyo mafundi huiita DHCP, naye huieleza hivi:

"Kompyuta ikiamka haijui hata jina lake. Inapiga kelele: mimi nani, nianzie wapi? Seva yangu inajibu yote mawili. Akitokea mwingine mwenye mdomo mwepesi kuliko wangu, anaipa jina, basi. Maskini inabaki na jina, kazi haina."

Kwenye swichi, kisanduku zinapokutana kebo zote za chuo, anachomoa kebo moja baada ya nyingine. Ya tisa inapotoka, anwani za 192 zinakoma. Mable anaifuata kebo hiyo: inapenya darini, inatokea chini ya mabati, inaambaa ukutani hadi stoo ya mahindi. Juu ya magunia kuna rauta ndogo ya kurusha mtandao wa Wi-Fi, imevishwa mfuko wa plastiki. Kando yake amesimama bawabu, mzee Mwangangi, rungu kwapani.

"Mzee, hii ni ya nani?"

"Ni yangu. Usiizime, mwanangu. Hiyo ni ya ndovu."

"Ndovu nao wako WhatsApp?"

"Wao wako shambani. WhatsApp tuko sisi."

Familia 63 hutegemea kikundi chao cha WhatsApp. Anayeona ndovu hukimbilia ukuta wa stoo, ambako mtandao una nguvu kuliko kwingine, na kutuma onyo. Mwaka jana, kabla ya rauta, Mwangangi alipoteza ekari mbili za mahindi usiku mmoja. Mwaka huu amevuna magunia kumi na manne.

"Ila siku nyingine ujumbe unakataa," anaongeza. "Tunasema ni mawingu."

Immaculate amefika, anahema. "Kumbe ni hii? Ng'oa!"

"Ngoja kwanza, madam. Tukiing'oa, watoto watajifunza kompyuta wakiwa na njaa."

Mable anaivua rauta mfuko. Ina matundu manne ya manjano na moja la buluu. Kebo ya chuo ilipaswa kuingia kwenye la buluu, la kupokea mtandao. Mwangangi aliichomeka kwenye la manjano, la kuugawa, na tangu hapo rauta imekuwa ikigawa anwani kwa chuo kizima, huku simu za wakulima nazo zikibahatisha kupata mtandao.

"Mbona hukutumia la buluu, mzee?"

"Lilikuwa na mwenyewe." Ndani yake nyigu amejenga kwa udongo.

Mable anachomoa kibanio cha nywele na kukwangua. Kebo inaingia. Saa tisa alasiri kompyuta zote 24 zinavuta mfumo kwa pamoja, na Immaculate anakaa chini kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mwangangi anatuma ujumbe: "Hakuna ndovu. Najaribu." Jibu linaingia papo hapo kutoka kwa jirani yake, Wayua: "Mzee, nimetoka mbio na sufuria mkononi! Ukijaribu tena nitakuja kukujaribu wewe!"

Ijumaa mtu wa shirika anahesabu mashine mara mbili, anatia saini, anaondoka na gari tupu.

Januari Mable atafungua darasa la mitandao hapo hapo chuoni, Jumamosi mbili kila mwezi. Anataka kila kijiji kinachouzunguka mlima kiwe na mtu wake wa kuuweka mtandao na kuutengeneza.

"Sitaki niwe naitwa kutoka Voi kwa ajili ya tundu moja," anasema. "Nataka nikose kazi Kasigau."

Wa kwanza kujiandikisha ana umri wa miaka 58. Mwangangi ameshanunua daftari.