Niliandika kwenye OB kwamba nasikia sauti ya marehemu: huduma ya akili niliyopata polisi enzi za Ujamaa

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Juzi kwenye uzi mmoja humu kijana aliuliza kama askari wa zamani walipata ushauri nasaha baada ya matukio mabaya. Mkamcheka.

Mmekosea. Mimi nilipata, tena huduma ya hali ya juu. Naeleza kama ilivyokuwa, jina tu ndilo nimebadilisha.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Ujamaa. Nilikuwa konstebo, mwaka wa pili kazini, kituo kidogo upande wa Igunga.

Lori la pamba lilipinduka. Juu ya marobota kulikuwa na abiria, kwa sababu basi lilikuwa limesimama wiki tatu likisubiri tairi. Tulifika askari wawili na sururu moja.

Utingo alikuwa amebanwa chini ya bodi, tumbo limeumia. Akaniita, "Afande, maji."

Chuoni tulifundishwa kwamba majeruhi wa tumbo hapewi maji. Chupa yangu ilikuwa kiunoni, imejaa. Nikamwambia asubiri. Aliomba mara nne. Nilihesabu, mimi ni mtu wa kuhesabu.

Mara ya tano haikuja.

Nikaandika ripoti ya kurasa tatu. Mkuu wa kituo aliusifu mwandiko.

Wiki ya pili, saa sita mchana, niko kaunta, nikasikia nyuma yangu: "Afande, maji." Nikageuka. Ukuta. Kesho yake, saa ileile, tena.

Hapa ndipo nilipokosea. Tulikaririshwa kwamba kila kinachotokea kituoni kinaingia kwenye OB, yaani kitabu cha matukio. Basi nikaandika:

"Saa 6:10 mchana. Konstebo wa zamu amesikia sauti ya marehemu utingo ikiomba maji. Upekuzi umefanyika. Hakuna mtu."

Kwa wasioijua OB: kurasa zake zina namba, huwezi kuchana. Na kila tukio lazima liandikiwe hatua iliyochukuliwa. Mkaguzi kutoka Tabora mjini alikuwa anakuja mwisho wa mwezi.

Mkuu alisoma, akavua kofia, akaivaa tena.

"Wewe, umeandika nini humu?"

"Tukio, afande."

"Mlalamikaji ni marehemu?"

"Hapana, afande. Mlalamikaji ni mimi."

"Dhidi ya nani?"

Nikageuka kuutazama ukuta.

Akaniambia wazi: mkaguzi akikuta tukio hilo halina hatua, napelekwa Dodoma kwa vichaa, na kazi ndiyo basi.

Huduma zikaanza. Nilipigishwa gwaride peke yangu juani, kwa nadharia kwamba aliyechoka hasikii. Nikasikia, tena kwa mwendo wa kushoto-kulia.

Zahanati walinipa klorokwini, dawa ya malaria, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Sasa nikawa nasikia sauti huku mwili unaniwasha.

Akaja katibu wa siasa wa kituo. "Ndugu konstebo," akasema, "hofu ya mtu mmoja ni ubinafsi. Mjamaa huogopa kwa pamoja." Naapa hakucheka.

Wenzangu nao hawakubaki nyuma katika ujenzi wa taifa. Nikipita: "Afande Maji! Umeleta ndoo?" Jina likaniganda.

Siku tatu kabla ya mkaguzi, Sajenti Mrisho alinishika mkono. Huyu alikuwa mtu wa Tabora mjini, mtoto wa mshonaji kofia, amebakiza miezi astaafu. Akaniingiza stoo ya vielelezo, akafunga mlango, akaketi juu ya robota lililotoka kwenye ajali ileile.

"Shikamoo, Sajenti."

"Marahaba. Kaa. Nieleze ya utingo."

"Yamo kwenye ripoti."

"Ripoti nimeisoma, mwanangu. Maji hayamo."

Kweli. Kurasa tatu, upana wa barabara nimeupima hadi sentimita, maji sikuyaandika.

Nikamweleza. Nililia mpaka nikapaliwa. Hakuandika neno. Nilipomaliza, nikasubiri aniambie kwamba sikukosea.

"Angekufa tu," akasema. "Ila angekufa kiu imekata. Hilo litakuuma. Liache liume. Mimi langu lina miaka kumi na tisa."

Akanisimulia la kwake. Hilo si langu kulimwaga humu.

Sauti haikuisha siku ile, tusidanganyane. Ilianza kuruka siku. Ikirudi, namfuata Sajenti, tunakaa kwenye robota.

Mkaguzi akaja. Akafunua, akafunua, akafika kwenye ukurasa wangu. Mkuu wetu alikuwa anatoka jasho kama yeye ndiye anayesikia sauti.

Kwenye hatua iliyochukuliwa, Sajenti alikuwa ameandika maneno mawili: "Askari amesikilizwa."

Mkaguzi akayapitishia kidole.

"Nani kaandika hapa?"

"Sajenti Mrisho, afande."

"Yupo?"

"Yupo, afande."

Akafunga kitabu. "Niitieni. Ninyi wengine endeleeni na kazi."

Wakaingia stoo wawili, mlango ukafungwa. Dereva wa mkaguzi alikunywa chai, akala, akalala kwenye usukani. Walipotoka, macho ya mkaguzi yalikuwa mekundu, na hakuna aliyethubutu kuliandika hilo kwenye OB.

Nilibaki kazini hadi kustaafu. Tangu hapo nimejisomea vitabu vingi vya trauma, yaani majeraha ya nafsi, peke yangu, bila mwalimu. Vingi vinaeleza kwa kurasa mia tatu kile alichokifanya Sajenti akiwa ameketi juu ya pamba.

Nilichojifunza ni hiki: aliyeona mabaya atakupa ripoti safi kabisa. Muulize kisichomo.

Askari na wastaafu mliomo humu, nani aliwahi kuwasikiliza? Kama ni klorokwini tu, andikeni pia. Nasoma zote.