Vumbi nyeusi mu laptop ya Furaha

Batu yangu, leo vumbi njo imeniliza.

Furaha, muke ya kaka yangu, alikimbia vita kule Goma na nguo mbili na laptop. Ile mashini inapata moto sawa pasi. Kila akiita mama yake mu video, mama mwenye alibakia kule, haikawie, inazimika.

Leo nikasema basi, niifungue.
Nilikuwa nangojea vumbi yetu nyekundu ya Lubumbashi.

Vantilateri, ile feni ya ndani, ilijaa vumbi NYEUSI. Nyeusi sawa makala ya jiko!

Nikavuta pumuzi nipulize. (Na weye ungepuliza, sema kweli.)

Furaha akanikamata mukono, miye mukubwa wake: "Yaya, hapana! Hiyo ni udongo ya kwetu."

Vumbi ya volkano yao ya Goma, imevuka inchi yote mu tumbo ya mashini.


Akaikusanya yote mu kifuniko ya kopo.
Nikafunga mashini, akaita mama.
Haikuzimika!

Akamuonyesha ile vumbi.
Mama akaangalia. Akasogeza uso karibu ya kamera.

Kiisha akasema: "Na uliniambia ulifagia nyumba mbele ya kukimbia."