Azzan na Posa ya Gurudumu

Mlima mrefu kuliko yote aliyowahi kupanda Azzan, muuza kaniki wa Bagamoyo, ulikuwa ngazi ya darini kwao. Ndiyo maana mwaka 1887, ami yake aitwaye Sultan alipokubali kumwoza binti yake Sabah huko milimani Omani, Azzan hakuuliza sharti lina uzito gani. Sharti lenyewe: mchumba aingie langoni juu ya kipando chake mwenyewe, wazee wakishuhudia. Akija kwa miguu, arudi kwa miguu.

Punda hakuwa naye. Alikuwa na baiskeli aliyoinunua Unguja kwa Mzungu mmoja, gurudumu la mbele kimo cha mtu, la nyuma kama sahani ya wali.

"Mwanangu, kidude hicho kinakula nini?" aliuliza mama yake, Bi Mardhiya.

"Hakili kitu, mama."

"Basi kitakula meno yako."

Akavuka bahari kwa jahazi. Kutoka Maskati njia ilipanda katikati ya majabali makavu, na kiti kikawa kikaango. Lakini jua halikumshinda Azzan, waliomshinda ni wazee. Kwa adabu za Bagamoyo, kumsalimia mzee ukiwa umemkalia juu ni matusi. Basi kwa kila mzee alishuka, yaani alianguka, maana kushuka alikuwa hajajifunza. Akanyweshwa kahawa, akaulizwa habari za Unguja nzima, kisha akatafuta jiwe la kupandia. Mawe yalikuwa tele. Wazee walizidi.

Mteremko wa mwisho ukamleta langoni. Ami Sultan alikuwa amesimama pale pale. Akishuka, posa imekufa. Asiposhuka, anamwamkia baba mkwe kama kunguru juu ya paa. Na breki haishiki.

Akaamua kuubusu mkono wa mzee huku anapita. Akainama. Kanzu ikaingia gurudumuni. Azzan akaruka juu ya usukani, akavuka kizingiti hewani, akatua kifudifudi, midomo juu ya makubadhi ya ami.

Wazee wakainama kutazama.

"Mmeona?" Ami Sultan aliwauliza. "Wachumba wa hapa hunisalimia kwa ncha za vidole tu. Huyu kanibusu miguu!"

"Lakini ameingia juu ya kipando?" mzee mmoja mbishi akadakia.

"Juu kabisa! Angezidi hapo angekuwa mwewe."

Darini, Sabah alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba, nimemkubali. Ila mimi nitashuka Maskati kwa punda."

"Na mimi," alisema Azzan, akitema mchanga.