Picha Kumi na Moja na Sabuni ya Madamu

Zulma Verstichel, mpishi wa nyumba, alizipangusa picha za kuchorwa za ukoo wa Van Hoorickx miaka thelathini na minane, kila Ijumaa, kwa manyoya ya bata, wala hakuzigusa hata kwa tone la maji. Wenyewe hawakuzitazama. Walipokula walizipa mgongo. Lakini jumba lao la mjini Ghent, Ubelgiji, lilipoanza kuvuja, ghafla mji mzima ukasikia jinsi wanavyoipenda sanaa, na kwamba wanalizawadia jumba la makumbusho picha kumi na moja za mafundi wa kale. Bure! Ila tu jina lao liandikwe juu ya mlango, kwa herufi za dhahabu.

Ni Waflemi kama Zulma hao, watu wa kaskazini ya nchi, wenye lugha yao ya Kiflemi. Babu yao aliuza kitani sokoni. Lakini mezani walisema Kifaransa, ili watumishi wasielewe. Kiflemi kilikuwa cha kuagizia viazi na kugombezea mbwa. Masikio ya Zulma yalikuwa wapi alipozunguka na bakuli la supu? Hawakujiuliza. Mtu mwenye akili angejiuliza.

Siku ya kutia sahihi, mtaalamu wa makumbusho, Bwana Roelandt, alisimama mbele ya picha ya ng'ombe mtoni. Mbingu yake ilikuwa imechubuka hadi ubao ukaonekana. Akauliza kwa Kifaransa, "Hapa pamefanywa nini?"

Madamu Ghislaine, mama mwenye nyumba, hakupepesa jicho. "Ni huyu mpishi wetu, Zulma. Aliisugua kwa sabuni nyeusi. Watu wa mashamba, Bwana, utawafanyaje? Tulimsamehe."

Bwana Roelandt akafungua daftari la picha, lile litakalobaki makumbusho hata wote wakishazikwa, akaanza kuandika jina. Zulma alikuwa kasimama palepale na sinia la kahawa. Mume hana, mtoto hana. Alichokuwa nacho duniani ni kazi isiyo na doa. Akalitua sinia juu ya kinanda, mahali pasipowekwa hata kitambaa.

"Si kweli, Bwana," akasema, kwa Kifaransa kilichonyooka kuliko cha Madamu. "Aliisugua yeye. Wakwe wa binti yake walikuwa wanakuja, akataka mbingu ing'ae. Nikamwambia, 'Madamu, acha, rangi inatoka.' Akanituma nikamenye vitunguu."

Thibaut, mwana wa nyumba, alibaki mdomo wazi. "Zulma! Tangu lini unajua Kifaransa?"

"Tangu uliposema mezani nina miguu ya farasi, Bwana Thibaut. Ulikuwa na miaka tisa. Mama yako alicheka mpaka akapaliwa na supu yangu."

"Mwongo!" Madamu akafoka. "Bwana Roelandt, utamsikiliza mpishi?"

"Basi asinisikilize mimi. Amuulize mwanao. Ndoo aliishika nani?"

Thibaut akaanza kuvichunguza viatu vyake, mwanamume mzima wa miaka arobaini.

"Siwezi kupokea picha bila kujua ilivyoharibika," akasema Bwana Roelandt.

Ukumbini wapiga picha wa gazeti walikuwa wanakohoa kwa kuchoka. Thibaut akanong'ona, "Mama, sema basi. Watu wanangoja."

"Ilikuwa sabuni kidogo tu," akasema Madamu.

Bwana Roelandt akapiga mstari juu ya jina la mpishi. "Ghislaine linaandikwaje?"

Madamu alikuwa amegeukia dirisha. Zulma akamtajia herufi moja moja, polepole, asije akakosea.