Glasi ya Ukwaju ya Mwanaidi

Harufu ya ukwaju uliolowekwa bado hunisimamisha njiani. Juzi nilikuwa Majengo, hapa Moshi, namtafuta fundi viatu, nikamkuta mama mmoja anakamua ukwaju kwenye ndoo mlangoni kwake. Nikanunua glasi. Kabla sijaipeleka kinywani nikajikuta namkodolea macho, nikisubiri aonje yeye kwanza. Hiyo ni kazi ya bibi yangu, mzaa baba. Alinilea hivyo, na sidhani kama nitapona.

Kwetu Old Moshi, ukimkaribisha mtu mbege, pombe yetu ya ndizi, sharti uonje wewe kwanza. Mwenye nyumba anapiga funda moja mbele ya macho ya mgeni, ndipo anampa kata. Wazee wanaita heshima, lakini maana yake hasa ni kwamba sikukutilia sumu. Bibi aliifuata desturi hiyo hata kwa maji ya kunywa. "Anayekupa bila kuonja," alikuwa akisema, "mwachie mwenyewe."

Sasa mfikirieni mtu wa namna hiyo safarini. Ilikuwa miaka ile ya foleni, sukari na sabuni zikipatikana kwa kujuana. Baba alikuwa amehamishiwa Mtwara kufundisha, na Bibi ndiye aliyenipeleka: treni mpaka Tanga, kisha meli kuelekea kusini. Alikubali kwa sababu moja tu. Meli ingeshinda Lindi ikipakua mizigo, na Lindi ndiko alikokuwa baba mdogo Elia, kitinda mimba wake, aliyeoa huko, akabadili dini, halafu kimya. Hakuandika tena hata mstari. Ukoo mzima uliamini kwamba amelishwa limbwata, dawa ya mapenzi. Bibi alitaka kujionea mwenyewe, na akikuta mambo mabaya, angemtuma baba akamrudishe ndugu yake mlimani, atake asitake.

Tuliteremshwa kwa mashua, miguu ikiwa bado inayumba. Mji ulinishangaza kwa ukimya wake. Jua lilikuwa kali, mchanga ukiunguza mpaka ndani ya malapa, na migahawa yote ilikuwa imefungwa. Wanaume walikaa barazani, hakuna aliyetafuna, hakuna aliyeshika kikombe. Nilipotoa ndizi nikaanza kuimenya, mmoja wao alinitazama, akageuza uso taratibu.

Bibi akanikamata mkono. "Mji gani huu watu hawali mchana?" akaninong'oneza kwa Kichagga. "Shika hicho kikapu vizuri."

Kikapuni mlikuwa na mchele wa Mabogini, zawadi ya mkwe. Lakini Bibi alikuwa ameshaniambia kwamba mchele huo unaweza kurudi nasi melini.

Tuliuliza njia, tukapiga hodi. Aliyefungua alikuwa Mwanaidi, mke wa baba mdogo, mwanamke mwembamba aliyejitanda kanga, macho yamelegea kwa uchovu. Tulipojitambulisha alipiga magoti palepale kizingitini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Bibi, kama mtu anayelipia kitu asichokitaka. "Mwanangu yuko wapi?"

Mwanaidi akasema Elia ameenda Nachingwea na lori la korosho, atarudi kesho. Bibi akanitupia jicho. Meli ilikuwa inaondoka jioni ileile. Ukutani lilining'inia koti la baba mdogo, chini yake viatu vyake vya Jumapili, na Bibi alivitazama viatu vile hadi mimi mwenyewe nikaanza kuogopa kwamba mwenye viatu hayupo tena duniani.

Mwanaidi alileta sinia. Glasi mbili za ukwaju, kila moja imefunikwa kitambaa kilichodariziwa. Aliziweka mbele yetu, akarudi kukaa mkekani, akainamisha kichwa. Kwao hiyo ndiyo adabu, kumwachia mgeni kinywaji chake bila kukigusa. Sisi tulijua tafsiri nyingine.

"Sukari kaipata wapi huyu?" Bibi alinong'ona. "Na mbona yeye hanywi?"

"Karibuni, mama," alisema Mwanaidi.

"Tumeshiba."

Kiu ilikuwa inaniua. Harufu ya ule ukwaju ilinijaza pua mpaka machozi yakanitoka, nami nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, kile ambacho Bibi alikuwa amekimeza: "Mama mdogo, onja wewe kwanza. Kwetu mgeni hanywi mpaka mwenyeji aonje."

Mwanaidi aliinua uso. Akamtazama Bibi, akatazama mlango uliokuwa wazi, akainuka kuusukuma ukafungwa. Akaishika glasi ya Bibi kwa mikono miwili, midomo ikisema neno nisilolisikia, akapiga funda. Kisha akapiga magoti na kumpa.

Bibi aliimaliza yote, akaomba nyingine. Tulipoaga, alitoa mchele kikapuni akamkabidhi, na baba hakutumwa kumrudisha mtu.

Baadaye baba mdogo na mkewe walikuja kututembelea Mtwara, na siku moja Mwanaidi akinisuka nilimuuliza kwa nini siku ile alifunga mlango. Akacheka kidogo. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, akasema, na sukari ile alikuwa ameidunduliza kwa ajili ya futari.

"Mbona hukutuambia umefunga?"

"Ningesema nimefunga, mama angesikia nimekataa."

Nilipokwenda likizo mlimani nilimsimulia Bibi. Alikuwa anamenya ndizi. Kisu kilisimama, kisha kikaendelea.

Mwaka uliofuata, nikiwa tena likizo, baba mdogo alimleta mkewe Old Moshi, nao ukawa mwezi uleule. Siku hiyo Bibi hakugusa chai, hakugusa mtori wetu wa ndizi mchana. Alisema tumbo linamsumbua, nami nikamwonea huruma na kumchemshia maji, asiyanywe. Jua lilipozama alimwita Mwanaidi, akashika kata ya maziwa kwa mikono miwili, akapiga funda la kwanza, akampa.

Nilikuwa mtu mzima, nina wakwe wangu mwenyewe, nilipotambua kwamba tumbo la Bibi siku ile halikuwa na ugonjwa wowote.