Moyo wa Marehemu Ukutani

Mume wangu alipoanguka kazini kule Plymouth, ugenini, na kufariki, katikati ya miaka ya tisini, madaktari waliomba kubaki na moyo wake ili wauchunguze. Nilikubali kwa sababu moja tu. Binti yetu alikuwa mkimbiaji wa timu ya shule, na nilitaka kujua kama kilichomuua baba yake kingemfuata.

Mwaka uliofuata wakatualika: wanasayansi wangeeleza walichogundua. Nikaelewa kama mtu wa kwetu anavyoelewa, kwamba wafiwa wanaitwa kupewa majibu. Nikavaa nguo nyeusi, nikamchukua binti, nikamwita shemeji, mdogo wa marehemu, awe msemaji wa familia. Alikuja na suti, viatu vimejaa theluji.

Kumbe ulikuwa mhadhara wa watu wote. Wazee wa Kizungu walikuwa wanakunywa kahawa na kutafuna biskuti. Profesa, mtu mcheshi, alitania kwanza kuhusu baridi, kisha akawasha mashine na moyo ukatokea ukutani, mkubwa kama mlango. Mwanamume kijana, akasema, kutoka Afrika Mashariki, hakuwahi kuugua. Nilitamani kumtupia kiatu. Hata pole hakuna! Hakujua kama tupo, lakini hasira yangu haikujali hilo.

Kuta za moyo zilikuwa nene kupita kiasi, alieleza, na mtu anaweza kuishi na moyo kama huo bila dalili yoyote mpaka siku utakapogoma. Binti yangu alikuwa ameinamisha kichwa.

Wakati wa maswali shemeji alisimama, akafunga vifungo vya koti. Alizungumza Kiingereza chake cha taratibu, kana kwamba yuko matangani.

"Profesa, sisi ndio wafiwa. Huyo ni kaka yangu. Tunashukuru. Tunaomba kujua, mtoto wake huyu yuko salama?"

Profesa alizima mashine, akatuomba radhi, uso umemwiva. Lakini jibu alitoa: ugonjwa ule hutembea katika damu ya ukoo. Binti aache kukimbia mpaka apimwe.

"Na wewe pia," akamwambia shemeji. "Ndugu wa damu wote."

Shemeji alibaki amesimama. Nadhani katika maneno yote aliyojiandalia, yeye mwenyewe hakuwamo.

Tulipotoka, binti yangu, aliyezoea kuruka ngazi mbili mbili, alimshika baba yake mdogo mkono. Wakateremka polepole, kila mmoja akimchunga mwenzake asichoke. Mimi, niliyeingia ukoo ule kwa ndoa tu, nilifuata nyuma na makoti yao mikononi, mzima kabisa.