Besi ya Atuganile

Atuganile alizaliwa na sauti nzito. Kwao Rungwe, alipokuwa mtoto wa shule ya Jumapili, mwalimu wa kwaya alimtoa kwenye mstari wa wasichana akamwambia akae asikilize tu, maana akiimba wenzake wanacheka. Akakaa, akasikiliza. Mpaka anaondoka pale alizijua sauti zote nne kwa moyo, na hasira juu.

Alikuja Dar kuolewa, akawa fundi cherehani Tandika. Siku moja Gervas, kiongozi wa kundi la injili la watu wanne, alipeleka suruali ipunguzwe, akamkuta fundi anaimba huku anakanyaga cherehani. Mwimbaji wao wa besi alikuwa amehamia Mwanza. Gervas alisahau suruali.

"Dada, hiyo sauti umeitoa wapi?"

"Nimepewa na Mungu. Kuna tatizo?"

Tangu hapo Monica aliimba sauti ya kwanza, Jenipher ya pili, Gervas ya tatu. Ya nne, ile ya chini kabisa ambayo siku zote ni ya wanaume, aliishika Atuganile. Kaseti zao zilizunguka Temeke nzima zikavuka hadi Kigamboni. Wasikilizaji waliandikia redio wakimsifu "yule baba mwenye besi." Wenzake walicheka. Naye alicheka nao, ila kicheko kiliishia mdomoni.

Walipokuwa wameota mvi wote, kanisa moja la Yombo liliwapa ukumbi warekodi tamasha, sauti na picha. Watu wameshaanza kujaa, Edgar, kijana aliyeleta kamera, aliwafuata chumba cha nyuma akiwa na jamaa mrefu aliyevaa suti.

"Shikamoo mama. Huyu ni Rogers. Atasimama mbele na wenzako, anafungua mdomo tu. Wewe utaimba nyuma ya pazia, maiki yako ipo. Usinielewe vibaya, mama. Watu wakiona besi inatoka kwa bibi, itakuwa kichekesho mtandaoni."

Atuganile alimtazama Gervas. Gervas alitazama viatu vyake.

"Kwa leo tu, dada Atu. Nafasi hii tumeisubiri mno."

"Kaka Gervas, huyu kijana hanijui, simlaumu. Wewe je? Mie nilikalishwa chini nikiwa mtoto, inatosha. Nyuma ya pazia sikai. Kama ni kichekesho, wacheke nikiwa nawatazama."

"Basi kamera siwashi," Edgar alisema.

"Usiwashe."

Monica akasogea akasimama ubavuni kwa Atuganile. "Na mie siimbi na mtu anayetafuna hewa."

Gervas aliinua uso kutoka kwenye viatu vyake, akamgeukia Edgar. "Fungasha vitu vyako, mwanangu."

Edgar alifungasha mbele ya watu wote. Rogers alivua tai kwa aibu, akaenda kukaa na wasikilizaji. Aliyebaki ni Benjamin, fundi mitambo wa kanisa, aliyekuwa anarekodi sauti.

Hapo Atuganile akang'amua jambo likamchoma: bila picha, mambo yangekuwa yale yale ya kaseti. Wangesema tena ni baba. Akapanda jukwaani, hakungoja kinanda, akashika maiki.

"Bwana asifiwe! Mie naitwa Atuganile Mwakalinga, fundi cherehani wa Tandika. Besi mliyoisikia miaka yote hii ni yangu. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana nikianza sitamsikia."

Wapo waliocheka kweli, vijana wa upande wa mlangoni. Akashuka hadi chini kabisa ya sauti yake, peke yake, bila haraka, na kicheko kikakatika. Wenzake wakaingia juu yake, mmoja baada ya mwingine. Kabla wimbo haujaisha, wale vijana walikuwa wamesimama, simu juu.

Baadaye Benjamin alimfuata Tandika ili asikilize kazi.

"Imetoka safi, mama. Ila haya maneno ya mwanzo nayaondoa. Redio wanataka wimbo uanze moja kwa moja."

"Yaache."

"Hawataupiga."

"Wasiupige. Ukikata hayo, kata na besi."

Aliyaacha. Redio kadhaa zilikataa kweli. Moja ikapiga yote, asubuhi, Atuganile akiwa anampima mteja sketi. Aliposikia jina lake, aliacha futi ikining'inia kiunoni kwa mteja, akaongeza sauti mpaka jirani akagonga ukuta.

Hakupunguza.